Tathmini ya afya ya jamii katika majimbo ya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili kwenye vikao vya afya ya jamii. Kila msimu wa tathmini maswali ni yale yale: yanaanza barua inapofika kutoka idara ya afya, au mtu anapopigiwa simu na kuulizwa kama anavuta sigara. Nimeyakusanya hapa, nikianza na mepesi. Nimeyapa namba ili nisirudie jibu moja mara tatu.

## Mambo ya msingi

1. Tathmini ya afya ya jimbo ni nini hasa?

Ni uchunguzi unaoonyesha watu wa jimbo wanaumwa nini, wanakufa kwa sababu gani, ni akina nani wanaoumia kuliko wenzao, na kuna nguvu gani ya kukabiliana na hali hiyo. Idara ya afya ya jimbo ndiyo inayoongoza, lakini mezani huwapo pia hospitali, shule, mamlaka za maji, mashirika ya wakimbizi, makanisa na misikiti. Daktari hukuuliza wewe unaumwa nini. Tathmini huuliza kwa nini mtaa wenu una watoto wengi wenye pumu kuliko mtaa wa ng'ambo ya barabara kuu.

Baada ya tathmini hufuata mpango wa kuboresha afya. Watu wengi huchanganya hivi viwili. Tathmini ni majibu ya maabara. Mpango ni cheti cha dawa. Kuna majimbo yenye majibu mazuri ya maabara yaliyojaa kabati, na dawa haijanunuliwa.

2. Nani anafanya nini: jimbo, kaunti au mji?

Inategemea unaishi wapi. Rhode Island haina idara za afya za kaunti, kazi yote iko mikononi mwa jimbo. Massachusetts ina miji 351, mikubwa na midogo, na afya ya jamii huko ni kazi ya bodi za afya za miji hiyo. Texas ina kaunti 254: kwenye sensa ya 2020, Kaunti ya Harris ilikuwa na watu zaidi ya milioni 4.7, na Kaunti ya Loving ilikuwa na watu 64. Ukisikia "kaunti yetu imefanya tathmini", uliza kwanza ni kaunti ya aina gani.

3. Je, ni lazima kisheria?

Kwa idara za afya, hakuna sheria moja ya nchi nzima inayolazimisha, ingawa baadhi ya majimbo yamejitungia zao. Kinachozisukuma zaidi ni ithibati, yaani cheti cha kukidhi viwango vya ubora, inayotolewa na bodi iitwayo PHAB. Bodi hiyo ilianzishwa 2007, ikafungua milango ya maombi 2011, na idara za kwanza zikapata ithibati 2013. Idara isiyo na tathmini wala mpango haipati ithibati.

Kwa hospitali zisizo za kibiashara ni lazima. Sheria ya bima ya afya ya 2010 inazitaka zifanye tathmini ya mahitaji ya jamii kila baada ya miaka 3. Isiyofanya hutozwa dola 50,000. Kwa hospitali kubwa hizo ni hela za chai; kinachowatisha wahasibu wao ni uwezekano wa kupoteza msamaha wa kodi.

4. Mbona tunaulizwa maswali yale yale na watu tofauti?

Kwa sababu ya jibu la swali la 3. Hospitali ina mzunguko wake wa miaka 3, kaunti ina wake, jimbo lina wake, na mara nyingi hawapatani kalenda. Mwezi wa tatu hospitali inabisha hodi, mwezi wa tano kaunti, mwezi wa tisa jimbo. Malalamiko haya ni ya haki. Yapo maeneo ambako hospitali na idara ya afya hufanya tathmini moja kwa pamoja, na ni jambo la kudai kikaoni.

## Takwimu zinatoka wapi

5. Namba zote hizi wanazitoa wapi?

Sehemu kubwa ipo tayari kabla mtu yeyote hajabisha hodi: vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, kumbukumbu za wagonjwa wanaoruhusiwa kutoka hospitalini, rejista za saratani, ripoti za magonjwa ambayo madaktari wanatakiwa kuyaripoti, na sensa.

Juu ya hizo kuna tafiti za maswali. Kubwa kuliko zote ni BRFSS, utafiti wa simu unaoratibiwa na CDC, kituo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa. Ulianza 1984 na majimbo 15. Siku hizi huhoji watu wazima zaidi ya 400,000 kwa mwaka. Vijana wa sekondari wana utafiti wao, YRBS, kila baada ya miaka 2 tangu 1991. Akina mama waliojifungua karibuni wana PRAMS, ulioanza 1987.

6. Kwa nini nimepigiwa mimi na si jirani yangu?

Bahati nasibu tu. Kompyuta huchagua namba bila kujua ni ya nani, na tangu 2011 namba za simu za mkononi zimo. Hujawekwa kwenye orodha ya mtu. Unaweza kukataa, unaweza kuruka swali. Ila mtu anayejiita wa idara ya afya akiomba namba ya akaunti ya benki au ya hifadhi ya jamii, huyo ni tapeli, kata simu.

7. Sijui Kiingereza. Mimi nimehesabiwa wapi?

Huenda popote. Dodoso la BRFSS ambalo CDC huwapa majimbo lipo kwa Kiingereza na Kihispania. Mhoji akipiga simu na wewe hujui lugha yoyote kati ya hizo, simu huishia hapo, na nyumba yako inatoweka kwenye hesabu. Tathmini inaposema "watu wazima wa jimbo hili", ujue wengine hawamo.

Kutafsiri dodoso peke yake hakutoshi. Siku moja nilikalimani mahojiano ya ana kwa ana na mama mmoja wa makamo. Swali la kwanza lilikuwa lile maarufu: kwa ujumla, afya yako ni bora kabisa, nzuri sana, nzuri, ya wastani au mbaya? Akajibu, "Tunamshukuru Mungu." Mhoji akanitazama, kalamu hewani. Nikarudia swali. "Si umeniona nimekuja kwa miguu, mwanangu?" Hakuna kisanduku cha jibu hilo. Mtu mwenye adabu yake hasimami mbele ya mgeni kutangaza kuwa afya yake ni bora kabisa, wala halalamiki akiwa bado anatembea. Mhoji akaweka alama kwenye "nzuri".

Tukafika kwenye afya ya akili: katika siku 30 zilizopita, siku ngapi haikuwa nzuri? Mama akakunja uso. "Mimi sina wazimu." Nikaomba ruhusa niulize kwa namna nyingine: ni siku ngapi roho ilikuwa nzito, mawazo yamekuzidi, usingizi hauji? Akaanza kuhesabu kwa vidole, akarudia mikono yote miwili, akasimama kwenye ishirini. Kwa tafsiri ya kwanza angeandikwa sifuri.

Kwa hiyo, ukiitwa kwenye kikao cha kusikiliza maoni, nenda. Taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu hubanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na miongoni mwa yanayodaiwa chini yake ni kumhudumia asiyejua Kiingereza kwa namna anayoielewa. Omba mkalimani mapema, na usikubali mtoto wako wa darasa la sita ndiye akutafsirie habari za kizazi na mimba.

8. Majibu yangu yanaweza kunirudia vibaya?

Dodoso la msingi la BRFSS haliulizi jina lako wala hali yako ya uhamiaji. Rekodi za hospitali zinaweza kupelekwa idara ya afya bila kukuuliza, kwa kuwa sheria ya faragha ya 1996 inaruhusu hivyo kwa kazi za afya ya jamii, lakini kinachochapishwa ni jumla. Kwenye takwimu za vifo ambazo CDC huziweka wazi kwa umma, idadi kati ya 1 na 9 hufichwa katika maeneo madogo ili mtu asitambulike.

Kwa utafiti mdogo wa mtaani, ambao hauna kanuni kali kama hizo, uliza kabla ya kujibu: karatasi hii inakaa wapi, na jina langu linaondolewa lini? Mhoji asiyejua jibu hajafundishwa vizuri.

## Kusoma namba bila kudanganyika

9. Ripoti inasema hali ni nzuri, mbona mtaani kwetu watu wanaumwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake liko Flint, Michigan.

Aprili 2014 mji huo uliacha maji yaliyokuwa yakitoka mfumo wa Detroit ukaanza kuchota Mto Flint, bila kuweka dawa ya kuzuia kutu kwenye mabomba. Madini ya risasi yakaanza kuingia kwenye maji. Wakazi walilalamika kuhusu rangi na harufu. Maafisa wakasema vipimo vya damu vya watoto havionyeshi jambo geni. Septemba 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, akatoa hesabu zake: watoto wa chini ya miaka 5 wenye mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa desilita ya damu walikuwa wamepanda kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9 ndani ya mji.

Tofauti ilitoka wapi? Kwenye msimbo wa posta. Misimbo yenye jina la Flint inavuka mipaka ya mji, na takriban theluthi moja ya nyumba zilizokuwa na anwani ya Flint hazikuwa zikitumia maji ya mji. Mtaalamu wa jiografia, Richard Sadler, alizitenga nyumba hizo. Hesabu ya awali ilikuwa imechanganya watoto waliokunywa maji yale na watoto ambao hawakuyagusa, kama kupima chumvi ya mchuzi baada ya kuumwagia jagi la maji. Oktoba 2015 mji ulirudi kwenye maji ya Detroit.

Namba ya jimbo au ya kaunti inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isikuhusu. Kabla ya kuamini wastani, uliza mpaka umechorwa wapi na ni nani kaingizwa ndani yake.

10. "Kiwango kilichosawazishwa kwa umri" maana yake nini?

Maine ni jimbo la wazee, Utah ni la vijana. Ukihesabu vifo kwa kila watu 100,000 bila kuangalia umri, Maine itaonekana pahali pa hatari na Utah peponi. Wanatakwimu huuliza: kama majimbo yote yangekuwa na mchanganyiko uleule wa umri, vifo vingekuwa vingapi? Marekani hutumia mchanganyiko wa watu wa mwaka 2000 kama kipimo. Kiwango hicho ni cha kulinganisha tu. Ukitaka kujua vitanda vingapi vinahitajika, tumia idadi halisi, maana wazee wa Maine ni wazee wa kweli.

11. Kaunti yetu ilikuwa na vifo 2 mwaka juzi, mwaka jana 4. Vimeongezeka mara mbili?

Kwa hesabu ya darasani, ndiyo. Kwa afya ya jamii, haijulikani. Ajali moja ya gari yenye watu wawili inaweza kuleta tofauti hiyo. CDC huchukulia kiwango kinachotokana na vifo chini ya 20 kuwa si cha kutegemewa. Dawa yake ni kuunganisha miaka 3 au 5, au kuunganisha kaunti jirani zinazofanana, na kukubali kwamba picha itachelewa.

Kuna mradi wa CDC uitwao PLACES unaotoa makadirio hadi ngazi ya mtaa. Unasaidia, ila hakuna aliyehojiwa mtaani kwenu kwa ajili yake. Ni hesabu inayosema watu wa umri, jinsia na kipato kama chenu kwa kawaida huwaje. Kama mlifungua kliniki ya kisukari mwaka jana, PLACES haiwezi kujua.

## Kutoka karatasi hadi vitendo

12. Vipaumbele huchaguliwaje?

Vizuri: kwa kupima ukubwa wa tatizo, ukali wake, pengo kati ya makundi, na kama kuna njia iliyothibitika ya kulipunguza. Majimbo na kaunti nyingi hufuata mwongozo uitwao MAPP, uliotolewa 2001.

Kwa uhalisia, mara nyingi karatasi hubandikwa ukutani, kila mtu hupewa stika tano, na mnazunguka kubandika. Nimesimama kwenye vyumba hivyo. Anayeweza kuacha kazi saa nne asubuhi siku ya Jumanne ana stika. Mama wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama hana. Halafu tunashangaa usalama kazini umepata stika mbili.

13. Kwa nini mpango wa afya unazungumzia nyumba, mabasi na mishahara?

Kwa sababu hospitali ni sehemu ndogo ya hadithi. Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambacho tangu 2010 kimekuwa kikilinganisha kaunti za nchi nzima, kwa miaka mingi kilitumia mizani hii: asilimia 40 mambo ya kijamii na kiuchumi, 30 mienendo ya afya, 20 matibabu na 10 mazingira. Unaweza kubishana na namba hizo, mimi mwenyewe sidhani mtu anaweza kutenganisha mshahara na sigara kirahisi hivyo. Lakini dawa ya pumu haifui dafu kwenye chumba chenye ukungu ukutani.

14. Kuna ushahidi kwamba kazi hii huokoa watu?

Upo. California ilianza kuchunguza vifo vya uzazi kimoja kimoja, na 2006 ukaundwa muungano wa hospitali na wataalamu kuyafanyia kazi matokeo. Walikuta kwamba vifo vingi vya kutokwa damu na vya shinikizo la damu la ujauzito vingezuilika.

Walichofanya hakina maajabu. Toroli moja wodini yenye kila kinachohitajika mama anapovuja damu, ili muuguzi asikimbizane na funguo za stoo. Na damu kupimwa badala ya kukisiwa: vitambaa vilivyolowa huwekwa kwenye mizani, uzito wa vikavu hutolewa, na kila gramu huhesabiwa kama mililita moja. Jicho hudanganya, hasa damu inapokuwa imenywewa na mashuka. Mizani haina haya. Vifo vilishuka kutoka 16.9 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2006 hadi 7.3 mwaka 2013.

Hata hivyo, pengo kati ya wanawake weusi na weupe lilibaki. Wastani ulishuka, na wastani tulishauzungumzia kwenye swali la 9.

15. Nitatambuaje mpango wa kweli na wa maonyesho?

Fungua ukurasa wa malengo utafute vitu vinne: tuko wapi leo, tunataka kufika wapi, lini, na nani ataulizwa tusipofika. "Kuhamasisha jamii kuhusu lishe bora" ni sentensi isiyo na mwenyewe. Tafuta pia fedha. Mpango usio na bajeti ni barua ya maombi.

## Hali zisizo za kawaida

16. Mataifa ya wenyeji wa asili yanaingiaje?

Yapo zaidi ya 570 yanayotambuliwa na serikali kuu, na ni serikali kamili, si "wadau" wa kualikwa kikaoni. Takwimu zao ni mali yao. Vipo vituo 12 vya epidemiolojia (uchunguzi wa magonjwa katika jamii) vya mataifa hayo, na ile sheria ya 2010 (swali la 3) inavipa hadhi ya mamlaka za afya ya jamii. Tahadhari moja: kwenye vyeti vya vifo wenyeji wengi wa asili huandikwa kimakosa kuwa weupe, hivyo vifo vyao huonekana vichache kuliko vilivyo.

17. Dharura ikitokea katikati ya mpango wa miaka 5?

Mpango husubiri. Baada ya kimbunga au mafuriko, idara hutumia njia ya haraka iitwayo CASPER: vikundi 30 vya nyumba, kaya 7 kila kikundi, jumla 210, na majibu ndani ya siku chache.

Ila dharura nyingine hujijenga polepole kwenye kaunti ambazo hakuna anayezitazama. Kaunti ya Scott, Indiana, ilikuwa na maambukizi mapya ya VVU yasiyozidi matano kwa mwaka. Kisha mji wa Austin, wenye watu takriban 4,200, ukakumbwa na mlipuko uliotokana na kuchangia sindano za dawa za kulevya. Kufikia mwisho wa 2015 zaidi ya watu 180 walikuwa wamegundulika. Ugawaji wa sindano safi ulikuwa umekatazwa na sheria ya jimbo hadi gavana alipotangaza dharura mwezi Machi. Baadaye CDC ilitaja kaunti 220 nchini zenye dalili za hatari kama hiyo.

18. Serikali kuu ikiacha kukusanya takwimu je?

Si swali la kinadharia: Aprili 2025 timu ya CDC iliyoendesha PRAMS ilipunguzwa kazi. Jimbo linaweza kuendelea na utafiti wake likiwa na fedha, ila kulinganisha na majimbo mengine kunakuwa kugumu. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo ni vya majimbo yenyewe, kwa hiyo hivyo havikatiki.

19. Nimesoma ripoti nzima, mtaa wetu haumo. Nifanye nini?

Iandikie idara ya afya uombe takwimu za eneo lenu la sensa, ambalo kwa kawaida huwa na watu kama 4,000. Wakisema idadi ni ndogo mno, omba miaka 5 kwa pamoja (swali la 11). Kisha tafuta tathmini ya hospitali iliyo karibu nanyi. Sheria inaitaka iwe kwenye tovuti yake, na inaitaka hospitali kuzingatia maoni ya maandishi itakapofanya tathmini inayofuata. Barua moja yenye sahihi za kaya kumi, tarehe juu, nakala mbakie nayo.